Barua Itokayo Babeli

Mahubiri ya redio, Kavumu. Somo: Yeremia mlango wa 29, wote.



Tunawasalimu ninyi mlio hapa Kavumu, mlio Miti na Mudaka, mlio Katana na njia yote ya kwenda Kalehe. Tunawasalimu pia wasio hapa. Kuna mama mmoja wa kwaya ambaye kila tunapohubiri anaweka simu yake kando ya redio, ili dada yake aliye Ulaya asikie neno kwa lugha ya nyumbani. Mara nyingi rezo inakatika katikati ya sala. Dada yule anangoja, kisha anapiga tena. Leo tutasema juu ya watu kama yeye, na juu ya simu ile.

Fungueni Yeremia 29. Wengi wetu tunajua mstari wa 11 tu, maana umeandikwa kwenye kalenda, kwenye vioo vya taksi na kwenye kadi za harusi. Lakini mlango huu ni mlango wa barua. Ndani yake kuna barua tatu. Ya kwanza inatoka nyumbani kwenda ugenini. Ya pili inatoka ugenini kuja nyumbani. Ya tatu inajibu ile ya pili. Ukisoma mstari wa 11 bila barua ya pili, umechukua sukari ukaacha dawa.

Mjue kwanza hali ya watu wale. Mfalme Yekonia alichukuliwa Babeli pamoja na mama yake, wakuu, mafundi na wahunzi. Wengine walibaki Yerusalemu. Kwa hiyo ilikuwa familia moja, nusu huku na nusu kule. Yeremia aliyebaki aliandika barua, akawapa Elasa mwana wa Shafani na Gemaria mwana wa Hilkia, waliokuwa wametumwa kwa Nebukadreza. Na njia ile haikuwa fupi. Ezra alipotoka Babeli kwenda Yerusalemu alitembea miezi minne. Someni Ezra 7:9. Fikirini hilo. Mtu akiandika kwa hasira, hasira yake ilikuwa na miezi minne ya kupoa njiani. Leo hasira inafika ingali ya moto, na mwenye kuituma hajamaliza hata kufuta jasho.

Nani kati yetu hana mtu nje? Wengine wako Nakivale kule Uganda. Wengine wako Nyarugusu, Tanzania, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 wakati wa vita ile tunayoijua. Wengine wako Kakuma, Kenya, wengine Dzaleka, Malawi. Wako Brussels, pale Matonge, ambapo wanasema unaweza kununua sombe kama uko sokoni Kadutu. Na Marekani, katika mwaka wao wa hesabu uliokwisha Septemba 2024, nchi iliyotoa wakimbizi wengi kuliko zote waliopokelewa huko ilikuwa Kongo yetu: watu karibu 20,000 kwa mwaka mmoja. Hao ni washirika wetu, wapiga ngoma wetu, watoto tuliowabatiza mtoni.

Februari 2025, vita ilipofika uwanja wetu wa ndege, ni wao waliotupigia kutuuliza kama tungali hai. Sisi tulikuwa chini ya vitanda. Wao walikuwa kazini, mbali kabisa, na walijua kijiji gani kimepita jambo gani kabla jirani yetu hajajua. Siku zile simu ilikuwa njia pekee iliyobaki wazi. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba WhatsApp ni ya shetani. Tumeisikia mahubiri hiyo, hata sisi tuliihubiri zamani, tukiwa na simu mfukoni. Hatutaihubiri tena.

Sasa, barua ya kwanza. Yeremia anawaambia watumwa wajenge nyumba huko, walime bustani, waoe na kuolewa, na waombee amani mji ule waliomo. Hawaambii wawe Wababeli. Hawaambii pia waketi juu ya masanduku yao wakingoja gari la kurudi. Wataishi huko, na wataishi kama watu wa Mungu wao. Jambo hilo ni gumu. Danieli alilijua. Walimbadilisha jina wakamwita Belteshaza, akalivaa jina lile kama mtu avaavyo koti la kazi. Lakini madirisha yake yalikuwa wazi kuelekea Yerusalemu.

Majina, wapendwa, ni jambo kubwa kwa watu wetu walioko nje. Wazee wetu wanakumbuka mwaka 1972, serikali ya Mobutu ilipokataza majina ya ubatizo. Watu waliitwa jina moja mbele ya wakubwa na jina lingine jikoni. Leo watoto wetu wako katika shida iliyo kinyume. Huku kwetu, baba ana jina lake, na kila mtoto ana lake, kwa kuwa kila mmoja alizaliwa katika habari yake: huyu wakati wa vita, huyu baada ya kilio, huyu mvua iliporudi. Wakifika kule, mwenye ofisi anaangalia karatasi. Watu sita wa nyumba moja, majina sita. Anauliza: kweli hawa ni ndugu?

Tumwite msichana mmoja Murhula. Si jina lake, na msilitafute la kweli. Tumechagua hilo kwa sababu kwa Mashi maana yake ni amani, na hilo la kwake lina maana ya kufanana na hiyo. Ana miaka 16. Alitoka hapa akiwa mgongoni mwa mama yake, akapitia Uganda, sasa yuko Marekani. Shuleni walifupisha jina lake mpaka likabaki silabi moja. Siku moja alimtumia tate yake audio, kwa Kiswahili chake cha kuvunjika-vunjika, akauliza: Tate, jina langu lilitoka wapi?

Tate huyo ni mama wa kanisa letu. Amepita miaka 70, hajui kusoma. Mjukuu mwingine ndiye aliyemfundisha kubonyeza pale penye alama ya kipaza sauti. Akajibu kwa audio. Akaeleza usiku aliozaliwa Murhula, nani aliyekuwepo, nani aliyeenda kuchota maji, na kwa nini babu alichagua jina lile. Audio ile ilikuwa ndefu. Kule, Murhula aliisikiliza ndani ya basi la shule, na baadaye alituambia kwamba alishuka kituo kisicho chake.

Tangu siku hiyo ikawa desturi. Kila Jumapili saa mbili usiku huku, kule kwao saa saba mchana, tate alituma somo. Alimfundisha kusalimia kwa Asinge. Alimfundisha kupokea kitu cha mkubwa kwa mikono miwili, kupika lenga-lenga bila kuziua rangi, kutomwita kaka ya baba kwa jina lake. Alimtajia vilima vya Bugorhe kimoja kimoja. Alimsimulia jinsi kanisa letu lilivyoanza chini ya mti, na mti wenyewe ulikuwa wa aina gani. Alimtajia watu wa ukoo hadi kizazi cha sita, bila daftari. Murhula ndiye aliyekuwa na daftari.

Wako ndugu watakaouliza: Pasta, hiyo si mila? Hapana, hatusemi watoto warudi kwa Lyangombe. Tulikwisha kutoka huko, na wazazi wetu walilipa kwa kutoka. Lakini kusalimia wazee si ibada ya mizimu. Lugha si pepo. Nehemia, katika mlango wa 13, alihuzunika kuona watoto wa Wayahudi hawawezi kusema lugha ya nyumbani, wanasema Kiashdodi tu. Aliwapiga baba zao na kuwang'oa nywele, jambo ambalo hatulishauri. Tate wa Murhula alitumia mega za franka chache, akapata zaidi ya Nehemia.

Murhula akapata furaha, akajipiga picha akisema Mashi, akaweka TikTok. Alikosea maneno mawili matatu. Mnajua nani aliyemcheka? Si Wamarekani. Ni vijana wa hapa, wa Kavumu, na wengine ni wa kwaya yetu. Waliandika chini yake kwamba huyo si Mushi, ni mzungu mweusi. Wapendwa, someni Waamuzi 12. Watu walisimama penye kivuko cha Yordani, wakamwambia kila apitaye: sema Shibolethi. Aliyeshindwa kutamka vizuri aliuawa. Wakafa 42,000 kwa sababu ya herufi moja. Na wale walikuwa ndugu, wote Waisraeli. Mtoto wa watu amejaribu kurudi nyumbani kwa mdomo, nasi tumesimama kivukoni na panga.

Hiyo ilikuwa aibu ndogo. Sasa tunafika kwenye barua ya pili.

Mstari wa 24 na kuendelea. Yuko mtu mmoja Babeli, Shemaya Mnehelami. Hakupenda barua ya Yeremia. Naye akaandika barua zake, kwa jina lake mwenyewe, akazituma Yerusalemu kwa watu wote, na kwa kuhani Sefania mwana wa Maaseya. Anamuuliza Sefania: Wewe umewekwa kusimamia nyumba ya Bwana, mbona hujamfunga huyo Yeremia? Mbona hujamtia mikatale? Mnaona? Mtu yuko mbali. Hataona damu wala kusikia kilio. Ameketi Babeli, anaamuru nani apigwe Yerusalemu. Na tena ana sauti ya kinabii.

Katika familia ya Murhula kuna kijana aliye Marekani pia, katika mji mwingine. Ni mtoto wa mdogo wa marehemu mume wa tate. Kwa desturi anamwita tate huyo mama mkubwa, naye ndiye aliyemlea miaka mitatu, baba yake alipokuwa porini. Ni kijana mwema. Anafanya kazi usiku katika kiwanda cha nyama, penye baridi kali. Yeye ndiye aliyetuma pesa za mabati 24 ya kanisa letu. Hilo mlikumbuke, tutalirudia.

Mke wake alipoteza mimba, akapoteza ya pili. Karatasi zake zikachelewa ofisini. Mtu akiwa peke yake ugenini, na kilio kama hicho, anatafuta wa kumwombea. Akaingia grupu moja ya maombi katika WhatsApp. Humo mna mtu anayeitwa nabii. Hakuna aliyemjua, hakuna mchungaji aliyemweka, anaomba kwa sauti na kupokea sadaka kwa simu. Nabii yule akamwambia: kwenu kuna mama mzee, wa upande wa baba, shamba lake liko karibu na maji, yeye ndiye aliyefunga tumbo la mke wako.

Wapendwa, hapa kwetu mama mzee mwenye shamba karibu na maji yuko katika kila ukoo.

Kijana hakuuliza. Alichukua simu, akasema kwa dakika saba, akilia, kwa Mashi safi, akamtaja kwa jina. Akaituma katika grupu ya familia yenye watu zaidi ya 100. Ikatoka grupu ya familia ikaenda grupu ya mutualite, ikatoka hapo ikaenda kwa vijana wa hapa. Jioni ilikuwa imefika Kalehe.

Sisi watu wa Kabare hatuna ruhusa ya kusema hatukujua neno kama hilo linaelekea wapi. Mwaka 2021, hapa katika Kabare, katika Kalehe na Walungu, mama wazee waliuawa, wengine kwa kuchomwa moto, baada ya wale wanaoitwa bajakazi kuwataja kuwa wachawi. Zamani mjakazi alihitaji kuja kijijini kwa miguu. Tungeweza kumwona, kumzuia njiani, kumpeleka kwa shefu. Huyu wa sasa haonekani. Yuko ndani ya mfuko wa suruali.

Usiku wa pili walirusha mawe juu ya nyumba ya tate. Mabati sita yakatoboka. Usiku wa tatu aliondoka kwa miguu, na mjukuu mmoja na godoro, akaenda Katana kwa binti yake. Jumapili ile, saa mbili usiku, hapakuwa na somo. Murhula alituma audio: Tate? Akatuma nyingine. Yeye hayumo katika grupu ya familia, hakujua lolote. Tumeziona audio zile katika simu ya tate. Ni kumi na moja.

Na sisi? Sefania alikuwa wapi?

Tuseme kweli, maana tumeomba ruhusa ya tate kuisema habari hii, naye alituambia tuiseme yote. Sisi ni wamoja wa grupu ile. Walituingiza zamani ili tuombee familia. Audio ile tuliisikia jioni ileile ya kwanza. Tuliisikiliza mara mbili. Mama mchungaji alisema: nenda kwake sasa hivi. Sisi tukasema, ni mambo ya familia, tutaona kesho. Tukaweka simu kwenye chaji tukalala. Kesho yake tulikuwa na semina. Sababu nyingine hatukuisema kwa mdomo, ila ilikuwa juu ya kichwa chetu kila tulipoinua macho katika ibada: mabati 24. Tuliogopa kumkasirisha aliyetufunika. Kanisa likapata bati, na mama wa kanisa akapoteza la kwake.

Soma mstari wa 29. Ni mstari mfupi, tumeupita miaka mingi hata katika shule ya Biblia bila kuuangalia. Kuhani Sefania aliipokea barua ya Shemaya. Aliambiwa amfunge Yeremia. Alikuwa na mikatale, alikuwa na askari wa hekalu. Alifanya nini? Alimsomea Yeremia barua ile, masikioni mwake. Basi. Hakuituma mbele. Hakuinyamazia. Aliichukua akaenda nayo kwa mtu aliyetajwa ndani yake, akamwambia hivi ndivyo wanavyosema juu yako. Na Mungu akasema katika nafasi ile. Barua ya tatu ikazaliwa hapo.

Hatuhitaji sheria ndefu juu ya simu. Audio ikimtaja mtu, ipeleke kwa mtu huyo kwanza. Ukiona haya kumsikilizisha uso kwa uso, basi unajua ni barua ya nani. Tuliifanya jambo hilo siku ya tano, tukiwa tumechelewa. Tulikwenda Katana, tukaketi na tate jikoni kwa binti yake, tukafungua simu. Alisikiliza dakika zote saba. Tulidhani atalaani. Alisema: mtoto huyu hana mtu wa kumpikia uji.

Tutaongeza neno moja kwa sababu tunasema katika redio. Kuna watu wanaodhani maneno ni upepo. Sisi wa umri huu tulikuwa vijana wadogo mwaka 1994, wakimbizi walipojaa Kashusha na INERA, hapa hapa karibu na uwanja wa ndege, mahema mpaka macho yanachoka. Ng'ambo ya ziwa kulikuwa na redio, Mille Collines, iliyoanza kusema mwaka 1993. Ilicheza muziki mzuri. Ilitania. Ilitaja watu kwa majina na mahali walipo. Desemba 2003 mahakama ya Arusha iliwatia hatiani waliokuwa wakubwa wake, na hao hawakukamatwa na panga mkononi. Kila tunapoketi mbele ya kipaza sauti hiki tunakumbuka hilo. Lakini leo kila mmoja wenu ana redio yake mkononi, na wasikilizaji 100 wa grupu ya familia, na hakuna aliyempa mafundisho hata ya siku moja.

Kwa hiyo tunawaambia ndugu zetu walioko nje, mnaotusikia kwa simu iliyowekwa kando ya redio. Tunajua mnateseka. Tunajua kazi ya usiku, theluji, mtoto anayekujibu kwa lugha usiyoielewa ndani ya nyumba yako mwenyewe. Ni vyema mkishika kabila lenu, lugha yenu, ukoo wenu. Lakini kuna kushika nyumbani kama Danieli, dirisha wazi na magoti chini, na kuna kushika nyumbani kama Shemaya. Mkiwa mbali, kabila linakuwa kubwa kuliko lilivyo huku. Huku tunaazimana chumvi na yule mnayetuambia tumchukie. Watoto wake wako shule moja na wa kwetu. Ninyi mkizima simu mnakwenda kulala. Sisi tunabaki na jirani.

Na manabii? Hatukatai unabii, sisi ni Wapentekoste. Paulo anawaambia Wathesalonike wasiudharau, na mstari unaofuata anawaambia wapime kila kitu. Wakorintho anawaagiza wengine wakae wapambanue. Torati inataka mashahidi wawili au watatu. Yeremia 29 inataja manabii wawili wa Babeli, Ahabu mwana wa Kolaya na Zedekia mwana wa Maaseya, waliosema uongo kwa jina la Bwana huku wakizini na wake za jirani zao. Walikuwa mbali na nyumbani, hapakuwa na mzee wa kuwauliza unatoka kanisa gani.

Sisi tuliobaki, tusinyoshe kidole peke yake. Tufungue simu zetu tuone barua tunazotuma. Tulifanya hesabu hiyo wenyewe usiku mmoja. Kwa mwezi mzima, tuliyowaandikia watu wetu wa nje yalikuwa: nani amekufa, nani yuko hospitali, karo, kodi, pesa ya kaburi, pesa ya bati. Tena bati. Hatukumuuliza mmoja wao hata mara moja amekula nini. Mtu anayepokea kutoka nyumbani maombi ya pesa na habari za vifo tu, siku akiambiwa nyumbani ndiko wanakomloga, ataamini upesi. Tumemwandaa sisi. Yeremia aliwaandikia watu wake juu ya nyumba, bustani, harusi na wajukuu. Aliwaandikia kana kwamba maisha yao ya kule ni maisha.

Yohana mzee, mwisho wa barua yake ya tatu, anamwambia Gayo kwamba ana mengi, ila hataki kuyamaliza kwa wino na kalamu, anatumaini kumwona na kusema naye mdomo kwa mdomo. Yohana aliandika barua, hakuzikataa. Alijua tu neno gani halibebwi na barua.

Tulimpigia kijana yule. Si audio, tulipiga, tukangoja atoke kazini, tukazungumza kwa karibu saa moja. Tulimsomea mlango wote wa 29. Mwanzoni alikasirika. Kisha akanyamaza mpaka tukadhani rezo imekatika. Halafu akauliza: Pasta, ulikuwa ndani ya grupu, mbona hukuniambia siku ile? Hatukuwa na jibu. Tulimwambia sababu ya mabati. Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka, akasema hata yeye aliogopa kwamba asipotuma pesa hatutamwombea.

Ametuma audio nyingine, dakika mbili, akimwomba mama mkubwa wake msamaha kwa jina. Ya kwanza ilifika Kalehe kwa siku moja. Hii ya pili, mpaka leo tunaposema, bado iko katika grupu ileile. Walioisambaza ya kwanza mnajijua. Simu mnazo.

Tate amekubali kurudi, kwa sharti moja. Hataki pesa, hataki kikao kwa shefu. Anataka waliorusha mawe wafunge mabati kwa mikono yao. Wawili wamekwisha kuja kwetu usiku, mmoja ni wa kwaya. Mabati sita yamepatikana, yametolewa hapa hapa Kavumu. Misumari ndiyo haijatosha. Jumamosi saa moja asubuhi tutaondoka mbele ya kanisa kwenda Katana kumchukua, na wazee wawili na akina mama. Mwenye nyundo aje nayo.

Murhula ameuliza atakuwa amefika nyumbani saa ngapi. Tulimwambia yapata saa nne, ambayo kwao itakuwa saa tisa ya usiku, na kwamba tutampigia baadaye akiamka. Amesema hatalala. Tate ameomba tumwekee mega za kutosha, maana ana kilima kimoja alichosahau kukitaja.